Mwalimu Aliyetupimisha Mji wa Bukoba

Enzi zetu, Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika, viatu vilikuwa vya kanisani tu. Siku nyingine zote tope la Bukoba lilipenya vidoleni, nasi tukaliona ni halali yetu.

Nakumbuka Mwalimu Rwezaura, mzaliwa wa Nshamba, kaptula yake imepigwa pasi ya mkaa hadi mkunjo unakata. Alitufundisha hesabu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashairi na miji. Kila Alhamisi alitutoa darasani tukahesabu hatua kutoka mto Kanoni mpaka gulioni, walikoketi mama zetu na ndizi na kahawa ya kutafuna. Tulichora vichochoro ambavyo ramani ya serikali haikuvijua.

"Nimempeleka mtoto akasome, ananirudia na tope!" Mama alinung'unika.

Kisha ikaja habari kuwa gulio litahamishiwa ng'ambo ya kinamasi, barabara ya magari ipate kunyooka. Bwana mmoja wa serikali akatandaza ramani yake mbele ya umati. Mwalimu akaomba kusema, na badala ya hotuba akaghani:

*Mji si kuta na bati, mji ni watu na njia;*
*ramani haina kiti, mama apate tulia.*

Mkalimani wa yule bwana Mwingereza akasita.

"Fasiri yote," Mwalimu akamwambia. "Usinipunguzie."

Akaiweka michoro yetu juu ya ile ramani. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama, yule yule wa kunung'unika. Akapaza sauti kwa Kihaya: "Hapo amechora mwanangu! Na hapo ndipo ninapokaa!" Wanawake wote wakasimama naye.

Barabara ikapindishwa, gulio likabaki. Lakini kabla ya muhula kwisha, Mwalimu akafukuzwa kazi. Alirudi kwenye kibanja chake Nshamba, akalima kahawa na kuandika. Likizo moja nilimtembelea, akanichomea gonja, zile ndizi ndefu za kuchoma, akanisomea mashairi mapya. Nikamwuliza kama anajuta.

"Mama yako bado anakaa pale?"

"Anakaa, Mwalimu."

"Basi," akasema, akageuza gonja.

Siku hizi wajukuu zangu huiuliza simu njia ya kwenda kwa shangazi yao, naye anaishi nyuma ya nyumba yetu! Nacheka, kisha namshukuru Mungu. Sisi tulipata mtu mzima aliyeamini kwamba watoto wanaona, akakubali kupoteza mkate wake kwa kile walichokiona.