Mwalimu Aliyefundishia Machungani

Wasomaji wangu, juzi tulimzika mwalimu mmoja hapa Karatu, na tangu nitoke makaburini sina raha. Alifundisha masomo ya mifugo katika chuo kimoja cha huku kwetu. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana kwa ubishi wa chai ya asubuhi, yeye akidai vyuo vyetu vinawafungia vijana zizini na kuwalisha makaratasi, mimi nikimwambia anatia chumvi.

Siku moja alinichukua pamoja na wanafunzi wake hadi Olbalbal, kwa wafugaji wa Ngorongoro, nikajionee. Kijana aliyeongoza kwa alama darasani akamwamkia mwenye boma vizuri, kisha akauliza, "Mzee, una ng'ombe wangapi?" Kabla hajajibiwa, kidole chake kilishaanza kuwahesabu. Mzee akajitanda shuka lake, akaondoka. Kwa Wamasai mifugo haihesabiwi hivyo. Ni kuitakia mkosi. Nikamuuliza mwalimu mbona hakuwaonya mapema. Akanijibu, "Ningewaonya wangeandika, wangefanya mtihani, wangesahau." Kijana, uso umemshuka, alikuwa anaelekea kwenye gari. Mwalimu akamwita. "Nenda ukamwombe radhi, halafu ufuatane na wachungaji wake wanaopeleka ng'ombe kwenye maji. Usiulize kitu." Walitembea na ng'ombe kutwa nzima juani. Waliporudi, mzee mwenyewe ndiye aliyemwita: "Kijana, njoo umwone huyu mwekundu. Tangu juzi hali majani vizuri." Kijana akapiga magoti, akaanza kumpapasa ng'ombe yule, na mzee akaendelea kumweleza bila kuulizwa. Siku hiyo niliacha ubishi.

Mwalimu alipougua, safari zile zilisimamishwa. Tukaambiwa mafuta ni ghali, wanafunzi wameongezeka, na siku hizi kuna video. Nilipokwenda kumwona wodini hakugusia maumivu yake. Alitaka kujua kama basi la wanafunzi la kwenda Olbalbal limeondoka. Nilimwambia halikuondoka. Akageukia ukutani. Naumia kila nikikumbuka, kwa sababu hofu yake sasa naiona kwa macho. Wafugaji wa Ngorongoro wanaletewa wataalamu wapya wenye vyeti vizuri kabisa, ambao hawajawahi kushika ng'ombe mgonjwa wala kukaa na mwenye ng'ombe wakaelewana. Tunawalaumu vijana hao kwa uzembe, wakati sisi ndio tuliowanyima mahali pa kukosea wakiwa bado na mwalimu pembeni.

Pale makaburini mkuu wa chuo alimsifu marehemu mpaka watu wakafuta machozi. Mwisho akatangaza kwamba ukumbi mpya wa mihadhara, wenye viti vya kisasa na skrini kubwa, utaitwa kwa jina lake. Watu wakapiga makofi. Mjane wake, niliyekuwa nimesimama naye, akaniuliza taratibu, "Shemeji, hawa waliishi na mume wangu kweli?" Kwenu wakubwa wa vyuo nina neno moja: mtu huyu hakuacha jina la kuandikwa mlangoni, alituachia kazi ya kuendeleza. Watoeni vijana nje, machungani.