Udi ni wa Nguo, Mwanangu

Naikumbuka alasiri moja, mwanangu, harusi yangu imekaribia. Nimesimama juu ya chetezo humu humu Mji wa Kale, kanga nimeikusanya kiunoni, najifukiza udi huku muwasho ukinitoa machozi. Nilikuwa na fangasi ukeni. Nilitia dawa ya kuingiza aliyonipa daktari, wakapoa, wakarudi. Nikatia tena, wakarudi tena, kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilichoka, sikufichi. Kila niliyemdokezea alikuwa tabibu. Huyu siki, yule kitunguu thaumu, mwingine sabuni ya marashi iliyoniunguza hata kukaa sikuweza. Udi ulikuwa shauri langu mwenyewe. Bibi harusi wetu sharti anukie, nami nikaona moshi unaoleta harufu nzuri utafukuza na maradhi. Akili za ujana hizo. Wala si muwasho uliokuwa ukininyima usingizi, ni huyo mume niliyekuwa nikimngoja. Niliogopa atadhani nimemletea ugonjwa wa zinaa, anipe talaka hina haijanitoka mikononi.

Somo yangu, Bi Zuhura, aliyekabidhiwa kunifunda mambo ya ndoa, akaingia akanikuta hivyo, nikamweleza masaibu yangu. Akakitazama chetezo, akanitazama mimi, akakiondoa.

"Udi ni wa nguo na nyumba," akasema. "Huko wajichoma tu. Sasa nambia, watumia dawa gani nyengine?"

Nikamwambia sili dawa yoyote. Jicho lake likaenda dirishani, kwenye vidonge vya chunusi nilivyokuwa nikimeza miezi na miezi ili uso uwe laini siku ya kupambwa.

"Na hizi ni peremende?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba hizo ni za uso, na daktari aliyenipa dawa ya fangasi hakuniuliza habari za uso. Bi Zuhura akashusha pumzi.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Mwili ni mmoja."

Akanipeleka kwa daktari, vidonge vyote mkobani. Kwa aibu nikamwachia yeye aanze kunisemea. Daktari akachukua vipimo, na sukari akaipima, kisha akaeleza kwamba vile vya chunusi huua vijidudu, na huenda vilikuwa vikiua hata vile vyema vinavyowazuia fangasi. Akavisimamisha, akanipa dawa ya kupaka usoni, na ya fangasi akairefusha. Niliolewa na chunusi zangu shavuni, na sikujikuna.

Leo nasikia moshi wa udi chumbani kwako, na simu yakupa ushauri wa siki ile ile. Nakereka, mwanangu! Hivi tutaunguzwa kizazi hata kizazi?

Basi sikiza. Usijifukize huko wala usijioshe ndani kwa sabuni. Fangasi wakirudi, usinunue tena kwa kubahatisha, kapimwe, huenda hata si fangasi. Beba kila dawa unayokula, ya uso, ya uzazi, ya kifua, umuonyeshe daktari. Usiache hata moja kwa shauri lako, mwache aamue naye akijua yote. Na mumeo mwambie mapema, kwa maneno yako.

Mungu akupe afya, amfanye mumeo msikivu, na akuondolee aibu ulimini. Haya, zima chetezo, uvae buibui twende kwa daktari. Mkoba wa dawa nitaushika mimi.