Kibali cha Mama Kilivyopatikana Kilosa

Niliondoka Ruhembe kwa sababu ya mama. Nilipokuwa mdogo alimfuata baba wa kambo Msumbiji. Mume alipofariki, akavuka Ruvuma kurudi kwao, lakini na karatasi za kigeni. Sasa alikuwa Songea akingoja. Bila mtoto wake kwenda wilayani kumdhamini angerudishwa, na muda wake ulibaki wiki mbili.

Asubuhi lori la kijiji lilinishusha Mikumi. Mfukoni nilikuwa na barua ya balozi wa nyumba kumi na ya mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, kwamba mama atapewa kiwanja na shamba. Basi la Kilosa lilichelewa mpaka nikaanza kusema peke yangu.

Saa saba mchana, Kilosa. Karani wa wageni alikuwa mzee wa miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akasoma barua taratibu. "Kumbe Mngoni. Wangoni mliopo mnatutosha. Huyo mama mwacheni huko huko."

Sikubishana, nani abishane na serikali? Nikaenda stendi machozi yakinilengalenga, mtu mzima mimi.

Sijakaa sawasawa, tarishi wa ofisi akanifikia anahema. "Wewe ndiye Mngoni? Mzee anakuita. Anauliza, tangu lini mtani wa Wahehe akasusa?"

Masikini mimi, kumbe Mhehe! Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu. Kutukanana ni haki yetu hata msibani, kukasirika ndiyo kosa. Nami sikuwa nimemuuliza kwao wapi.

Nilimkuta amekwisha gonga muhuri kwenye kibali cha mama.

"Nangoja unitukane, wewe unaondoka," akasema. "Siku hizi Wangoni mnazaliwa bila ulimi?"

"Ningejua ni Mhehe," nikamjibu, "shikamoo yangu ningerudi nayo nyumbani."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka na kulia pamoja, moyo umetua.

Kesho yake nilirudi Ruhembe, kibali nimekikunja ndani ya kofia. Tangu hapo, ofisi yoyote nikiingia, kwanza nauliza mtu kwao wapi.

Kibali nilikituma Songea, na kabla wiki mbili hazijaisha mama alishuka Mikumi na kikapu chake. Tukiwa njiani nikamsimulia yote. Alicheka, kisha akatua kikapu chini.

"Miaka yote ile ugenini," akasema, "hakuna aliyenitukana hivyo. Sasa nimefika kwetu, mwanangu."