Fimbo za Afande Lokiru

Harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyochanganyika na moshi ndiyo inayonirudisha kwenye likizo moja ndefu ya miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, katika nyumba za askari wa magereza mjini Jinja ambazo sisi wenyewe tuliziita laini. Fimbo zetu za mkwaju zilikaushwa juu ya meko kwa majuma matatu, kisha zikapakwa mafuta hayo kila jioni mpaka zikang'aa na kuacha kupasuka, na viganja vyetu navyo vikanuka vivyo hivyo hata baada ya kuoga. Mama yangu, Msoga kwa kabila, aliyependa nyumba yake inukie sabuni, alisema nanuka kama mchunga ng'ombe. Sikukasirika. Nilikuwa nimeanza kujiona mtu, na mara nyingi kanisani, mahubiri yakirefuka, nilivinusa viganja vyangu kwa siri na kujisikia vizuri.

Mambo yalianzia kwenye njia ya mkato ya kwenda shuleni, iliyopita vichakani nyuma ya mtaa wa Nalufenya. Mwaka ule wahuni walikuwa wakiwavizia wasichana pale. Mmoja alinyang'anywa begi. Mwingine alirudi kwao gauni limechanika, na hakuonekana tena shuleni. Baba yangu, Mteso na sajini wa magereza, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinishika mkono akanipeleka nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa Afande Lokiru, Mkaramoja aliyepiga tarumbeta katika bendi ya askari na kuwafundisha watoto wa laini kupigana kwa fimbo, kwa Kiswahili. Mama alipinga. Kwake fimbo na Kiswahili vilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa vyote viwili viliingia kijijini kwao pamoja na wanajeshi wa tawala za zamani waliokuwa wakidai kuku na mbuzi, na hakuona kwa nini binti yake afundishwe kimoja kwa kutumia kingine. Baba alimjibu kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, akavaa kofia yake, akaenda kazini.

Afande Lokiru alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kifua kilichotunishwa na tarumbeta na mapenzi makubwa kwa chai yenye sukari vijiko vitano. Kwao, alituambia, vijana hupigana kwa fimbo tangu wakiwa wadogo kama wa kwetu wanavyopiga mpira, na hakuna anayeulizwa kama anataka. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya laini, upande wa Kimaka, kwenye nyasi fupi zilizoungua jua. Tulikuwa watoto kumi na mmoja wa kila kabila lililovaa sare nchini, Waacholi, Walango, Wagisu, Wasamia, na lugha yetu ya pamoja ilikuwa kile Kiswahili cha laini ambacho mwalimu wa Unguja angekisikia angezimia. Mkono wa kushoto tulifungwa kipande cha gunia kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Kichwani tulivalishwa kofia ya sufu iliyojazwa matambara. Vilivyobaki vyote, yaani mbavu, mapaja, mabega na makalio, vilikuwa mali ya fimbo ya mwenzako.

Nasema hivyo kwa sababu hatukuwa tukiigiza. Wapo wanaofundisha kupigana kwa kusimamisha pigo kidole kimoja kabla ya ngozi, nami siwadharau, lakini Afande alisema mtu anayefundishwa hivyo amefundishwa kukosa. Siku yangu ya kwanza nilisimamishwa mbele ya Nekesa, binti wa dereva wa lori kutoka upande wa Kenya aliyepanga karibu na laini, msichana mpole aliyenisuka nywele kila Jumapili. Nekesa alinipiga paja. Nilifumba macho kwa uchungu, na macho yakiwa yamefumbwa akanipiga ubavu. Niliposhika ubavu akanipiga paja lile lile. Nililia mbele ya wote. Afande alipuliza kidomo cha tarumbeta alichokitembeza mfukoni, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Wewe nalia, sawa, lia tu," aliniambia. "Lakini lia macho wazi. Fimbo haina huruma na mtu ya kufunga macho."

Ilinichukua mwezi mzima kujifunza jambo hilo moja, na hadi leo sijajifunza lenye thamani kubwa zaidi. Kipigo cha kwanza humshangaza mtu kuliko kumuumiza. Mwili hupiga kelele kwamba dunia imekwisha, na anayeuamini mwili wake wakati huo ndiye anayeanguka. Sisi tulizoea. Kufikia mwisho wa Desemba ningeweza kupigwa begani huku nikiangalia kiwiko cha Nekesa kuona pigo lijalo linatoka wapi. Nilitembea ile njia ya Nalufenya nikiwa na fimbo mkononi na alama za bluu mapajani, na kwa mara ya kwanza sikuinamisha kichwa nilipokuta wanaume wameketi kando ya njia. Sijui kama waliiogopa fimbo au shingo yangu. Najua kwamba wadogo walianza kuningoja nipite nao.

Palikuwa na sheria, na Afande alizisimamia kwa ukali kuliko alivyofundisha mapigo. Usipige kichwa. Usichome. Usimguse aliyeanguka. Na juu ya zote: fimbo ya mwenzako ikimtoka mkononi, rudi hatua mbili, shusha yako, umwambie, "Okota." Ukimpiga asiye na fimbo, ulikaa nje ya uwanja juma zima ukiwachotea wenzako maji. Basi tuliirudia sheria ile mara mia, mara elfu, mpaka ikatoka kichwani ikaingia miguuni. Fimbo ikianguka, miguu ilirudi yenyewe na mdomo ukasema wenyewe, na yule aliyeokota alitikisa kichwa kwa shukrani, na mchezo ukaendelea. Jioni tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, mimi na Nekesa, tukilinganisha michubuko.

Katikati ya Januari Baba alinipeleka Mbale kwa dada yake, Shangazi Apolot, aliyeuza sweta za mitumba. Soko la mjini lilikuwa na wauzaji wengi, hivyo mara mbili kwa juma alifunga mzigo kwenye baiskeli akaenda kwenye magulio ya vijijini, ambako watu walioteremka kutoka mlimani walizihitaji sweta zake. Mwezi uliotangulia mwanamke mwenzake alikuwa ameibiwa mzigo wote njiani. Baba alinikabidhi kwa Shangazi na kusema, "Mimi nakuletea askari," na ingawa alitabasamu, nilimjua, hakuwa akitania. Nilivimba kichwa. Nilijiona nimepewa cheo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, mlima wa Wanale umesimama wazi kulia kwetu na njia ikipita katikati ya mahindi. Shangazi alishika usukani wa baiskeli, mimi nikisukuma mzigo kwa nyuma, fimbo kwapani. Vijana wawili walitoka kwenye mahindi. Mmoja alikamata mzigo. Wa pili alikuwa na rungu, akalinyanyua juu yangu, na hapo mwili wangu ukafanya kazi yake kama ulivyofundishwa: nilikiona kiwiko, nikaingia, nikampiga kifundo cha mkono. Rungu lilianguka vumbini. Lilikuwa pigo zuri kuliko yote niliyowahi kupiga, na najivunia hata sasa.

Kisha nikarudi hatua mbili, nikashusha fimbo, nikamwambia, "Okota."

Bado nauona uso wake. Alinikodolea macho kama mtu aliyeongeleshwa na mbuzi. Halafu akaokota. Hakunijia mimi; alinipita, akamwendea Shangazi aliyekuwa ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, akampiga kiwiko cha kushoto, na nikasikia mfupa. Sauti ile ndiyo iliyoniamsha. Nilimpiga muundi, akageuka akanipiga bega, nikayumba lakini macho yangu yalikuwa wazi, nikampiga tena muundi ule ule, na tena, huku nikipiga mayowe ya mwizi kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Watu waliokuwa wakipalilia wakaitikia kutoka pande zote. Vijana wakakimbia mikono mitupu, yule wa rungu akichechemea. Baiskeli ilikuwa imelala ubavu na sweta zote zilikuwamo. Shangazi alikuwa ameketi chini ameshika mkono wake, halii, anaupapasa tu.

Mfupa ulipona umepinda. Mkono wa Shangazi haukunyooka tena, wala haukufika tena kichwani mwake, na kuanzia hapo alisukwa na watoto wa jirani. Lakini soko zima la Mbale lilinifanya shujaa. Shangazi mwenyewe alisimulia kutoka meza hadi meza namna binti wa kaka yake alivyosimama na kupigana na wanaume wawili, na kila mara alipofika mahali pa rungu kuanguka, aliparuka haraka. Nilidhani hakuona. Sikumsahihisha, nikapokea soda na mandazi ya sifa.

Niliporudi Jinja nilimweleza Baba na Afande Lokiru ukweli wote, nikilia kwa macho wazi. Baba aligeuka rangi. "Afande, hiyo ya okota, toa," alisema. "Juu ya hiyo, mtoto yangu karibu nakufa, na dada yangu navunjika mkono."

Afande alikoroga chai yake muda mrefu. "Nikitoa hiyo, Sajini, kesho huyu navunja Nekesa, kesho kutwa Nekesa navunja huyu. Halafu mimi na wewe hatusalimiani. Mimi nafundisha watoto ya laini kupigana na kurudi nyumbani pamoja. Mwizi mimi sijui yeye." Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Lakini mimi nakosa. Mimi nakwambia ya uwanja, sikukwambia uwanja naisha wapi. Hiyo ni kosa yangu, si yako."

Sijawahi kusahau kwamba mtu mzima, askari, aliomba radhi kwa mtoto wa kike mbele ya baba yake. Sheria ya okota haikuondolewa. Badala yake aliongeza zoezi jipya tulilolichukia sana: katikati ya pambano alipuliza kidomo chake ghafla, na hapo hapo ilikupasa kuipiga teke fimbo ya mwenzako iende mbali, kutupa yako, na kukimbia hadi bombani ukipiga kelele. Tuliona aibu kukimbia, na wapita njia walitucheka. Yeye alisisitiza kuwa fimbo husaidia mpaka inapofika ncha yake, na zaidi ya hapo ni miguu na watu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Afande alitufundisha kwamba hata ya karibu haiui kila nyoka.

Leo naishi Jinja bado, si mbali na ile njia, ambayo sasa ina maduka na bodaboda mwanzo hadi mwisho. Binti yangu ana miaka kumi na miwili na huenda mara mbili kwa juma kwenye mafunzo ya kujihami, ukumbini, juu ya magodoro. Anafundishwa mambo ambayo sisi tulijifunza kwa mfupa wa mtu: kujinasua, kupiga kelele, kukimbia bila aibu. Katika hayo kizazi chake kimetupita, na nakiri kwa moyo mweupe. Ila harudi hata siku moja na alama pajani. Hakuna aliyewahi kumpiga kweli, na mimi mama yake nashukuru, kisha napata wasiwasi, kwa kuwa siku kipigo cha kwanza kitakapomfikia kitakuwa ni kigeni kabisa kwake.

Desemba iliyopita nilimpeleka Mbale akamsalimie Shangazi Apolot, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu wengi. Shangazi alianza kile kisa chake. Alipoparuka mahali pale pa siku zote, binti yangu aliuliza swali ambalo soko zima halikuwahi kuuliza: kama rungu lilikuwa limeanguka, alikupigaje, Bibi? Shangazi alinitazama kisha akatazama pembeni.

"Mama yako alikuwa mtoto," alisema. "Alirudi nyuma kidogo. Mtoto ana haki ya kuogopa."

Kumbe aliona. Miaka yote ile alinisitiri, akiamini anaficha woga wangu. Basi nikamweleza: uwanja, Nekesa, hatua mbili, ile sheria. Nilimwambia kuwa sikuogopa hata kidogo, nilikuwa nikimngoja mtu aokote silaha yake kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kupigana, na kwamba mkono wake ulilipia malezi yale. Nilimwomba msamaha niliopaswa kuuomba nikiwa na miaka kumi na mitatu. Shangazi alisugua kiwiko kilichopinda kwa kiganja cha kulia. Nilingoja hasira, na ingekuwa haki yake.

"Haukuogopa," alisema.

"Sikuogopa, Shangazi."

Alimvuta binti yangu karibu naye, akamwambia taratibu, kama mtu anayerekebisha jambo alilolisema vibaya muda mrefu, "Sikiliza vizuri nianze upya. Mama yako alimpokonya rungu mwanaume mzima, halafu akamwambia aokote." Na kwa mara ya kwanza alikisimulia chote, bila kuruka kitu.