Mbuzi wa Krismasi na Kisu cha Fundi

Vijana wanaoandika habari za kale za Arusha hunijia na madaftari, wakitaka kujua nani alitangulia kufika na nani alifuata: sisi Wameru wa mlimani, Waarusha, Waswahili waliopanda na Wajerumani, Wahindi wa madukani, au Makaburu na Wagiriki wa mashamba makubwa. Nawajibu ninachokijua. Wakishaondoka, ninachokumbuka ni mbuzi mmoja, na msichana wa mjini niliyemwonea wivu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Kila siku ya soko Mama aliteremka mjini na mkungu wa ndizi kichwani, nami nyuma yake na kikapu. Wanawake wa Kimaasai kutoka Kisongo walikaa upande wao na vibuyu vya maziwa, sisi upande wetu na ndizi na magimbi. Mama alikuwa na rafiki pale, mke wa fundi cherehani, Mwislamu, ambaye babu yake alitoka Pangani akiwa mpagazi wa Wajerumani na hakurudi tena. Kwake ndiko tulikoacha vikapu, na kwake ndiko Mama alikojifunza Kiswahili. Nyumbani Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa fundi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na mimi nilikaa kizingitini nimenuna.

Walikuwa na binti wa rika langu. Alisoma chuo cha Kurani, alipakwa hina mikononi, na shikamoo yake aliitoa kwa kupiga goti kidogo, Mama akalainika kabisa. Mama alimchagulia ndizi zilizoiva vizuri, akazificha chini ya majani ya mgomba ili nisizile njiani. Akimkabidhi alimwambia, "Chukua, mwanangu." Mimi niliyezibeba kutoka mlimani niliitwa wewe. Wewe leta maji, wewe simama tuondoke. Nilikuwa na kijiba cha roho, sifichi. Ningekuwa na uwezo ningemrudisha Pangani kwa miguu.

Krismasi yetu ilikuwa na utaratibu wake. Baba, mzee wa kanisa la Kilutheri, alimfunga mbuzi kwenye mgomba na hakumgusa mpaka fundi apande kutoka mjini amchinje yeye, kwa bismillahi yake, ili familia zote mbili zile chungu kimoja. Wako majirani walionung'unika. Baba aliwaambia kwamba mbuzi mwenyewe hajalalamika.

Mwaka huo, asubuhi kabla ya ibada, Mama aliniambia kwamba binti wa fundi atabaki kwetu wiki nzima. Atalala mahali pangu, kando ya Mama. Mimi nitalala kwa bibi.

Tulipotoka kanisani nilitumwa kwenye kivuko cha mto kuwapokea wageni. Nilikaa kidogo nikitupa mawe majini, kisha nikarudi mbio nikamwambia Baba kwamba nimekutana na mpita njia aliyetoka mjini: fundi ana homa, hawaji, tusiwasubiri. Baba alisikitika, akanoa kisu, akachinja mwenyewe. Nilidhani wakikuta mbuzi ameshachinjwa wataona haya, watageuza palepale na binti yao.

Walifika nyama ikiwa tayari jikoni. Fundi alikuwa na kisu chake kwapani, amekifunga katika kitambaa cheupe. Aliitazama ngozi iliyotandazwa juu ya ua, akaelewa. Hakusema neno baya. Alimwambia Baba kwamba wamekuja kusalimia tu, tena wametoka nyumbani wameshiba. Baba akampa pole ya homa. Fundi akauliza homa ipi. Mmoja baada ya mwingine watu wazima wakanigeukia.

Mama aliwapa loshoro, ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando, kutoka chungu ambacho hakikupikiwa nyama. Akaketi akala nao. Yule binti alisogea mkekani akaniachia nafasi kando yake. Nilijitia sioni, ingawa nilikuwa na njaa.

Alasiri walishuka wote, na binti akashuka nao, ameshika kifurushi cha nguo alizokuja nazo za wiki nzima. Mama aliwasindikiza mpaka kivukoni. Alikaa huko muda mrefu.

Aliporudi hakunipiga wala hakunikaripia. Alichukua sahani kubwa ya wageni, akaijaza mbavu na figo na vipande vyenye mafuta, akaniwekea magotini.

"Kula, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya kule mjini. "Mbuzi wako huyu."

Nilikula. Alisimama mbele yangu mpaka nilipomaliza sahani yote.