Ng'ombe wa Mama Kwenye Fomu ya Duwani

Dada yangu alipojifungua kule ng'ambo, katika nchi ya baridi ambako mumewe alipata kazi, mama alitangaza kwamba ataenda kumwogesha mjukuu kwa mikono yake mwenyewe. Viza ilichukua miezi mingi. Ilipotoka tulidhani tumemaliza, mpaka dada akatuma ujumbe: kabla ya kupanda ndege, kila msafiri ajaze fomu ya uhamiaji na duwani, yaani forodha, kwenye intaneti. Mimi nilikuwa nafanya kazi mjini, katika ofisi moja ndogo ya mtaa wa Himbi, na nilikuwa na kompyuta, kwa hiyo kazi ikawa yangu.

Mama alishuka kutoka vilima vya Masisi, anakofuga, na madonge manne ya fromaji, jibini ya kwao, moja kwa ajili ya kila mtu ambaye angemsaidia njiani. Ng'ombe wake alimwachia mdogo wake. Tukakaa sebuleni kwangu, mtaa wa Murara, Jumamosi asubuhi, umeme ulipokuwepo.

Swali la kwanza lililotushinda lilikuwa la anwani. Walitaka mahali pote ambapo mama ameishi kwa miaka kumi, bila kuacha hata mwezi mmoja, na sababu ya kuhama kila mara.

"Sababu gani wanataka?" aliuliza mama.

"Kuna za kuchagua. Kazi, masomo, ndoa, au nyingine."

"Chagua nyingine. Andika: bunduki."

Nikaandika bunduki. Kwenye fomu tukahama naye kilima hadi kilima, waasi wakija, waasi wakiondoka, wengine wakija kwa jina jipya. Kila mara: nyingine, bunduki. Alikumbuka kila mwezi kwa kuangalia ng'ombe gani alizaa wapi.

Kisha fomu ikauliza kama amewahi kusaidia kundi lolote lenye silaha. Mama alifikiri sana.

"Walikula mbuzi yangu. Ile ni musaada?"

"Hapana, mama. Ule ni wizi."

"Basi weka hapana. Lakini uandike kama ile mbuzi ilikuwa na mimba."

Nilimwambia hakuna nafasi ya kuandika habari za mbuzi. Aliona ni fomu yenye kasoro.

Tulikuwa tumefika nusu umeme ulipokatika. Tukasema tutaendelea kesho. Jioni ileile volkano iliyo juu ya mji ikalipuka. Moto haukufika kwetu, lakini ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, nyufa zikapita katikati ya barabara, na mwishowe watu wa mitaa yetu wakaamriwa kuondoka. Tulitoka na umati mzima kuelekea mji mdogo wa Sake. Mimi nilibeba godoro na kompyuta. Mama alibeba pasipoti ndani ya kitambaa kifuani, na fromaji kichwani.

Shangazi yangu alitupokea uani kwake, chini ya turubai, pamoja na familia nyingine mbili. Dada alifaulu kusogeza tarehe ya ndege ambayo mama angeipanda Kigali. Nilipofungua kompyuta, fomu ilikuwa imejifuta yote. Nikakaa chini ya turubai nikicheka kama mtu aliyepagawa.

"Tuanze tena," alisema mama. "Sasa tuna anwani moja zaidi."

Mahali pa sababu akaniambia niandike volkano. Alifurahi kidogo, nadhani, kwa kubadilisha neno.

Tukafika upande wa duwani. Unabeba chakula? Ndiyo, fromaji. Katika wiki mbili zilizopita umekuwa shambani au karibu na mifugo? Hapo nikasita. Tangu tufike Sake, mama alikuwa akienda kila asubuhi kwa jirani kumsaidia kukamua, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure. Lakini nilijua ndiyo huleta maswali, na maswali huleta maofisa. Mama alipoinuka kwenda kuchukua chai, nikaweka hapana.

Aliporudi akasema, "Nisomee yote, tangu mwanzo."

Nikamsomea. Nilipofika kwa mifugo nilipunguza sauti, na hilo ndilo lililoniumbua.

"Uliandika nini pale?"

"Hapana."

Akaweka kikombe chini. "Wewe mutoto. Miaka yote hii watu wananiondoa kwangu, sijawahi kukana ng'ombe zangu. Leo nizikane ju ya kompyuta?"

Niliona haya kweli. Nikabadilisha. Ukurasa mpya ukafunguka hapohapo, kama nilivyoogopa: mifugo gani, wangapi, wana ugonjwa? Mama alisogea karibu, uso ukang'aa.

"Ile mutu mwenye anauliza ana akili," alisema. "Hapa hakuna ofisi iliwahi kuniuliza kama ng'ombe zangu ziko muzima."

Akanielezea mmoja mmoja, wa jirani na wake pia, mpaka shangazi akaja kusikiliza na kubishana naye kuhusu rangi ya ndama fulani. Kisanduku kilikubali mstari mmoja tu. Nikaandika: ng'ombe, wazima. Nikabonyeza tuma, na mtandao wa Sake, ambao haukuwa na huruma kwa mtu, siku hiyo ukapitisha.

Tulirejea Murara baadaye, nyumba ikiwa imesimama, na mama akaondoka. Siku mbili sikupata usingizi mzuri. Kisha simu ikalia.

"Walinivua viatu!" mama alipiga kelele. "Mbele ya watu!"

Dada akachukua simu, akicheka, akanieleza. Ofisa wa duwani kwenye uwanja wa ndege alikuwa amesoma ndiyo yetu, akamwita mama pembeni, akachukua viatu vyake vyenye udongo, akaviosha kwa dawa na kumrudishia vikiwa vinang'aa. Fromaji mbili zilizobaki aliziangalia, akaziacha zipite. Dada alipoingizwa kutafsiri, aliwakuta wakioneshana kwa mikono jinsi ya kukamua. Ofisa naye alikuwa mtoto wa wafugaji.

"Wao wanakamua na mashini," mama alisema aliporudishiwa simu, kwa sauti ya kumhurumia mtu. "Nilimwambia aje Masisi. Sasa kata simu, mutoto anataka kuoga."