Shamba Lililopumzika

Shamba letu la Munje tulilipumzisha sisi wenyewe. Mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu, aliweka jembe chini masika matatu ili udongo upate nguvu, kama walivyofanya waliomzaa. Vichaka vikaota. Tulikuwa tunangoja masika ya nne tu tupande muhogo, mwanangu aache kushindia uji.

Ndipo nikapata kazi kwenye mradi wa misitu. Walitaka mama aliyemaliza kidato cha nne. Setilaiti inapiga picha kutoka juu, wao wanaona kijani kwenye kompyuta. Mimi ninakwenda kwa miguu na simu yao kuthibitisha. Siku moja simu ikanielekeza shambani kwetu. Ikauliza: Miti imerudi? Nikajibu ndiyo. Ndege wapo? Nikaandika, kanga wametaga. Nilijiona msomi kwelikweli. Shamba la nani? Hilo simu haikuuliza, nami mpumbavu sikulisema.

Masika yalipokaribia akaja afisa wao, kijana wa bara, na bango: MSITU UNAOREJEA, USILIME. Hata shikamoo hakumpa mavyaa wangu.

"Hili ni shamba," nikamwambia. "Limepumzika."

"Madam, picha inaonyesha msitu. Na ni wewe ulithibitisha."

Mavyaa akacheka kicheko cha kutema mate. "Haya, msomi wetu! Kumbe mwizi wa shamba langu nimemlisha wali kwa mkono wangu."

Kesho yake nilifyeka lote. Mayai ya kanga nilimchemshia mwanangu. Vichaka vilipokauka nikavitia moto, na bango lao humo humo. Kanga jike alizunguka akilia mpaka moshi ukamshinda. Sikumhurumia. Mimi alinihurumia nani?

Hazikupita siku nyingi, simu ikalia. Setilaiti imeona doa jeusi Munje, nenda ukathibitishe. Nikaenda, mtoto mgongoni, nikasimama juu ya majivu yangu mwenyewe. Chanzo cha uharibifu? Mifugo, wachoma makaa, mengineyo. Wachoma makaa ni jirani zetu. Ningewamaliza kwa kidole kimoja. Nikabonyeza mengineyo, nikaandika: Mwenye shamba amerudi.

Kazi wakaninyang'anya siku hiyo hiyo. Nilipofika nyumbani mavyaa alikuwa amekwisha kukata miti ya muhogo ya kupanda. Akanitupia jembe miguuni.

"Lima, msomi. Kabla hawajatuona tena."